Hakuna Aliyekuibia Pointi

Binti wa Njombe,

Barua yako nimeisoma yote, na zile picha za matokeo ulizoambatanisha nimezikuza mpaka nikaona kila herufi. Umeniomba nisikitaje chuo chako wala jina lako, na sitavitaja. Shida yenyewe nitaisema waziwazi, kwa sababu naamini imejaa kwenye hosteli nyingi na wenye nayo wanaona haya kuuliza.

Unasema hivi. Muhula wa kwanza wa shahada yako ya uchumi, alama za masomo yako 6 zilitoka kabla GPA haijawekwa. Ukachukua kalamu, ukapiga hesabu kama alivyokufundisha kaka yako, ukapata 3.8. Usiku uleule ukampigia baba. Baba ni mkulima wa viazi, na wewe ndiye mtoto wake wa kwanza kufika chuo kikuu. Jumapili akasimama mbele ya usharika mzima kutoa shukrani. Kisha GPA rasmi ikatoka, ikasoma 3.6. Ukanyamaza. Muhula wa pili ukapata D ya Hisabati, ukaingia sapu, yaani mtihani wa marudio, ukapita kwa C, muhula ukafungwa kwa 3.1. Sasa unaanza mwaka wa pili, baba anawaambia watu kwamba binti yake atafundisha chuo kikuu, na wewe likizo nzima umebaki Dar es Salaam ukisingizia mafunzo kwa vitendo.

Unaniuliza mambo matatu. Umwandikie mkuu wa idara kwamba GPA yako imekosewa? Uhamie programu ile ambayo mwenzako wa chumbani anasema A zinaokotwa? Au umwache baba aamini anachoamini mpaka siku ya mahafali?

Hapana, hapana, na hapana. Sasa vuta kiti, tuongee.

Tuanze na barua ya mkuu wa idara, maana kwa hasira uliyokuwa nayo nahisi umeshaiandika. Usiipeleke. Ulichofanya ni hiki: A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, na E ni sufuri, mfumo uleule wa Mlimani na wa vyuo vingi nchini. Ukajumlisha pointi za masomo 6: 4, 2, 3, 4, 5 na 5. Ikawa 23. Ukagawa kwa 6, ukapata 3.83. Kujumlisha hukukosea, kugawa hukukosea. Ulichokosea ni kuyahesabu masomo yote kana kwamba yana uzito mmoja, na hayana. Rudi kwenye karatasi ya matokeo, tazama ile safu nyembamba iliyo kando ya majina ya masomo, ambayo nadhani hujawahi kuipa hata dakika moja. Imeandikwa 12, 12, 12, 8, 8, 8. Hizo ndizo krediti.

Krediti moja ni makadirio ya saa 10 za kujifunza, ukichanganya mihadhara, semina, maktaba, kazi za nyumbani na kujiandaa na mtihani. Ndivyo Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ilivyoweka, na mwaka mmoja wa shahada hubeba krediti 120, hivyo miaka mitatu ni 360. Somo la krediti 12 linadai saa 120 za maisha yako. La krediti 8 linadai 80. Kwa hiyo chuo hakiwezi kuichukua A ya somo dogo na C ya somo kubwa kikaziweka sawa. Kila pointi huzidishwa kwanza kwa krediti za somo lake, kisha jumla yote hugawanywa kwa jumla ya krediti, wala si kwa idadi ya masomo.

Tufanye pamoja. Uchumi wa ngazi ya mtu na kampuni ulipata B+, 4 mara 12 ni 48. Hisabati ulipata C, 2 mara 12 ni 24. Takwimu ulipata B, 3 mara 12 ni 36. Uhasibu ulipata B+, 4 mara 8 ni 32. Somo la maendeleo, lile mnaloliita DS, ulipata A, 5 mara 8 ni 40. Stadi za mawasiliano, A nyingine, 40. Jumla ni 220. Krediti zako za muhula ni 60. Gawanya: 3.66 na kuendelea. Na kwa ukurasa wa kanuni ulionipigia picha, chuo chako hakikadirii kwenda juu, kinakata baada ya desimali moja. Hata ungepata 3.69 ingeandikwa 3.6.

Umeona ilikokwenda ile 3.8? A zako zote mbili ziko kwenye masomo madogo, na C yako iko kwenye somo kubwa. Hakuna aliyekuibia.

Baba yako angeielewa hesabu hii haraka kuliko wewe na kaka yako. Chukua kwamba msimu mmoja ameuza magunia 12 kwa shilingi 40,000 kila moja, bei ilipokuwa chini, halafu magunia 8 kwa 70,000, bei ilipopanda. Ukimwambia wastani wa gunia ni 55,000 kwa kuwa umejumlisha 40,000 na 70,000 ukagawa kwa mbili, atakucheka. Mfukoni ana 480,000 na 560,000, yaani 1,040,000 kwa magunia 20. Kila gunia limemletea 52,000. Magunia mengi aliyauza kwa bei ndogo, na fedha iliyo mkononi inasema hivyo. Masomo yako ndiyo magunia hayo.

Usimkasirikie kaka. Unasema alimaliza kidato cha nne mwaka 2014, na hapo ndipo nilipoelewa. Mwaka ule Baraza la Mitihani lilipanga ufaulu kwa wastani wa pointi badala ya divisheni, watu wakapata distinksheni na meriti, mpaka mapema 2016 serikali iliporudisha divisheni. Kwenye mfumo ule yalichukuliwa masomo 7 aliyofanya vizuri zaidi, yote yakiwa na uzito mmoja: Kiswahili sawa na Fizikia, Uraia sawa na Hisabati. Jumlisha, gawanya, umemaliza. Kaka alikufundisha kwa moyo mweupe hesabu iliyompa matokeo yake mwenyewe. Chuoni tu ndiko haifanyi kazi.

Kuna kosa la pili, na hili limekuumiza bure. Umejumlisha 3.6 ya muhula wa kwanza na 3.1 ya muhula wa pili, ukagawa kwa 2, ukapata 3.35, kisha ukalala na wazo kwamba itakatwa iwe 3.3. Mwanangu, GPA ya mwaka haitengenezwi kwa GPA za mihula. Chuo hurudi kwenye pointi zenyewe, kabla chochote hakijakatwa. Muhula wa pili, baada ya sapu, una pointi 188 kwa krediti 60. Weka na zile 220, unapata 408. Gawanya kwa 120. Ni 3.4 kamili. Umekaa likizo nzima ukiomboleza 3.3 ambayo haipo.

Na sapu yenyewe? Hapo nitakusema kidogo. Umeandika kwamba D ile imekuharibia shahada. Haijaiharibu. Ulipata 18 kati ya 40 za kozi waki, na 19 kati ya 60 za mtihani wa mwisho, jumla 37. D huanzia 35 na C huanzia 40. Ulirudia, ukafaulu, na ile pointi 1 ikawa 2. Kilichopotea ni kwamba hata ungepata 80 kwenye sapu, chuo kingekuandikia C tu. Hiyo ndiyo gharama yake, na umeshailipa. Usiendelee kuilipa kila usiku.

Somo lililonifanya nisimame ni Takwimu ya muhula wa pili. Ulipata 48, C. B huanzia 50. Alama 2 tu. Somo lile lina krediti 12, kwa hiyo kutoka C kwenda B kungekuongezea pointi 12, na 408 ingekuwa 420. Gawanya 420 kwa 120 uone. Ni 3.5, mlango wa daraja la pili la juu. Na kwenye ukurasa wa nne wa barua yako, katikati ya sentensi kuhusu mambo mengine kabisa, umeniambia kwamba jaribio la kwanza la Takwimu hukulifanya kwa kuwa ulikwenda harusini Mbeya, na hukutoa taarifa kwa mhadhiri. Alama 10 za kozi waki, sufuri. Mhadhiri unayesema hagawi alama hakupata nafasi ya kukugawia hizo.

Sikusemi ili ujichukie. Nataka ujue alama zako zilipotelea wapi, kwa sababu wewe umekuwa ukizitafuta ofisini kwa mkuu wa idara na muda wote zilikuwa Mbeya. Na kwa kuwa tunasema ukweli wote: Uhasibu wa muhula wa kwanza ulipata 60. Sitini kamili, chini yake kwa alama moja ingekuwa B. Bahati hiyo sikuiona kwenye malalamiko yako.

Hilo ni jambo la kulijua kuhusu GPA. Haioni kila kitu. Mwenye 60 na mwenye 69 wote inawaona ni 4. Mwenye 69 na mwenye 70 inawatenga kwa pointi nzima. Kwa hiyo inapokupa 3.4, imekupa jumla ya herufi zako zikiwa zimepimwa kwa uzito wa masomo. Haijui kwamba ulikuwa unasoma kwenye ngazi za jengo usiku kwa sababu ya kelele chumbani, haijui harusi ya Mbeya, na haina maoni yoyote kuhusu akili yako. Barua yako imetumia neno mjinga mara nyingi mno. Sikuliona popote kwenye karatasi ya matokeo.

Kulalamika nako kuna mahali pake. Kama alama ya kozi waki haikuingizwa, kama matokeo ya sapu hayajabadilishwa, kama krediti zilizoandikwa si zile za kwenye prospektasi, nenda idarani, tena mapema, kwa maandishi, na ubaki na nakala. Vyuo vina utaratibu wa rufaa na una muda wake, ukipita, umepita. Hiyo ni haki yako na hupaswi kuiogopa. Ila kwanza piga hesabu mwenyewe, kwa krediti, ili ukifika mlangoni ujue unadai nini.

Sasa tuangalie mbele. Nimechukua kwamba kanuni za shahada yako zinahesabu miaka yote mitatu. Thibitisha kwenye prospektasi, maana programu si zote zinazofanana. Una pointi 408. Zimebaki krediti 240, sawa na masomo 20 ya krediti 12.

Daraja la kwanza, kwa mfumo wetu, linaanzia 4.4. Kwa krediti 360 zinahitajika pointi 1,584. Toa 408, zinabaki 1,176 za kutafuta ndani ya krediti 240. Wastani huo ni 4.9. Kwa lugha nyingine, katika masomo 20 yaliyobaki upate A kwenye 18, na mawili ya mwisho upate B+. Kwenye karatasi inawezekana. Mimi nakuomba uliweke chini lengo hilo, taratibu, bila aibu. Ukilibeba, B+ yako ya kwanza itakuliza, ya tatu itakukatisha tamaa, na hutaona kwamba ulikuwa unafanya vizuri sana.

Daraja la pili la juu linaanzia 3.5. Pointi 1,260, toa 408, zinabaki 852. Wastani 3.55. Masomo 11 ya B+ na 9 ya B yanakufikisha pale pale. Umeshapata B+ nne mwaka wa kwanza, na A tatu juu yake. Hili unaliweza, na unaliweza ukiwa bado unakula, unalala na kuhudhuria harusi chache.

Lakini katikati kuna namba ambayo naona ndiyo unayoitamani kimoyomoyo, ingawa umeiweka midomoni mwa baba. Matangazo ya ajira ya vyuo vikuu vya umma, kwa ngazi ya kuanzia ya kufundisha, yamekuwa yakitaka GPA ya shahada ya kwanza isiyopungua 3.8 kwa 5. Kwa krediti zako 360 hizo ni pointi 1,368. Toa 408, zinabaki 960, ugawe kwa 240. Ni 4.0 isiyo na mkia. B+ katika kila somo, au kila ukipata B moja, mahali pengine uifidie kwa A kwenye somo la uzito uleule. Ni mlima, sikufichi. Lakini wenye miguu kama yako wameupanda. Na kama mwisho wake utakuwa 3.6, bado uko juu ya 2.7, kiwango ambacho vyuo vingi huanzia kukupokea kwa shahada ya uzamili, na miaka ya uzamili ina GPA yake.

Kitu cha kukusukuma leo na si mwakani ni hiki. GPA huwa nzito kadiri krediti zinavyorundikana. Sasa hivi, ukiwa na krediti 120, hatua moja ya herufi kwenye somo la krediti 12 inaisogeza kwa 0.1. Ukimaliza, ukiwa na krediti 360, hatua hiyohiyo inaisogeza kwa 0.03. Tuseme mwaka huu unaupitisha kama uliopita, 3.4 nyingine. Basi mwaka wa tatu utahitaji wastani wa 3.7 ili umalize na 3.5, na ili umalize na 3.8 utahitaji 4.6. Nimewajua vijana wengi waliosema wataamka mwaka wa tatu. Waliamka kweli, wakapiga msuli usiku na mchana, na namba ikawa haitaki kusogea.

Hapo ndipo linapoingia shauri la mwenzako wa chumbani. Kuhama programu kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili mara nyingi ni kurudi mwaka wa kwanza, na mkopo wako umepangwa kwa programu uliyosajiliwa, kwa hiyo usithubutu kugusa fomu yoyote kabla ya kupita dawati la mikopo hapo chuoni kuuliza bumu litakuwaje. Lakini hayo ni ya ofisini. Mimi nina swali langu. Umeandika kurasa 6. Tano na nusu zina huzuni. Ile nusu iliyobaki unanieleza kwa nini bei ya viazi Njombe huporomoka wiki ileile mavuno yanapoingia, nani hufaidi katikati ya shamba na soko la Dar es Salaam, na kwa nini baba na jirani zake wakijenga ghala bado si wote watakaopona. Umeeleza kwa furaha mpaka ukasahau kuweka nukta. Mtu aliyeuchoka uchumi haandiki hivyo. Wewe unakimbia Hisabati na Takwimu tu.

Na hizo mbili huwezi kuzikimbia ukabaki mchumi, kwa sababu ekonometria inakungoja na imejengwa juu ya hizo. Kwa hiyo kabla ya kufikiria kuhama, rudi nyuma kwenye yale yaliyokushinda muhula wa pili. Madesa hayatoshi, Hisabati haisomwi kwa macho. Chukua mitihani ya miaka iliyopita ukae na mtu anayekuzidi, ufanye kwa mkono wako mwenyewe, ukikwama ukwame mbele yake. Wahadhiri wana saa zao za kuonana na wanafunzi zimebandikwa mlangoni, na mara nyingi wanakaa pale peke yao. Nenda hata kwa yule wa Takwimu. Mwambie ukweli wa jaribio lile. Hatakurudishia alama 10, lakini atakujua jina, na muhula huu ukiuliza swali atajua anamjibu nani.

Masomo ya hiari chagua kwa akili pia. Yale ya krediti 8 yenye A rahisi usiyadharau, yanasaidia. A yako ya somo la kompyuta, muhula wa pili, ilikuletea pointi 40. Ila usiwekeze nguvu zako zote huko ukaacha ya 12 yajiendee, maana ndivyo ulivyofanya mwaka wa kwanza na umeona matokeo.

Kuhusu binamu yako wa Minnesota, anayetuma picha ya GPA yake ya 3.4 kwenye kundi la familia na shangazi zako wakajibu kwa maua: yeye naye ana 3.4, ndiyo, lakini vyuo vingi vya Marekani hukomea 4. Yake na yako si namba moja. Wala usijaribu kuigeuza yako kwa kuzidisha na kugawanya, kwa sababu kule mwenye alama 65 kwa mia kwa kawaida huambulia D, na kwetu huyo ana B+. Makerere nao wanakomea 5 kama sisi, ila A yao huanzia 80 na yetu 70. Ukivuka kwenda Chuo Kikuu cha Nairobi, daraja la kwanza linahesabiwa kwa asilimia, kuanzia 70. Kwa hiyo popote utakapoandika GPA yako, kwenye wasifu au fomu ya ufadhili, andika 3.4 kwa 5, usiiache uchi. Wanaotaka kuilinganisha watasoma transkripti yako yenyewe, herufi kwa herufi. Na kwenye kundi la familia unaweza kumpongeza binamu ukaendelea na kazi zako.

Limebaki la baba.

Ulipompigia usiku ule hukumdanganya. Uliamini ni 3.8. Uongo ulianza siku ulipoona 3.6 ukafunga simu, na umekua kila ulipopokea salamu za wazee ukaitikia asante. Najua kwa nini. Unasema unaona sura yake alivyosimama pale usharikani na koti lake la Jumapili, na huwezi kuivunja sura ile. Nakuelewa, na siuchukulii wepesi woga huo. Binti anayependwa kiasi hicho huogopa kuliko anayegombezwa.

Lakini umeniandikia pia, bila kujua umeniandikia nini, kwamba kila baba anapopiga simu huuliza kwanza kama umekula. Halafu kama umelala vizuri. Halafu ndiyo masomo. Nataka uutazame mpangilio huo, mwanangu. Miezi yote hii umekuwa ukilinda jibu la swali la tatu, na kwa ajili yake umemnyima mtu huyu jibu la swali la kwanza, kwa sababu hukwenda nyumbani akuone kwa macho yake. Siamini kwamba alishukuru kanisani kwa sababu ya desimali. Mimi sikumsikia, lakini unavyomweleza, alishukuru kwa sababu mtoto wake yuko chuo kikuu na anafaulu. Hayo yote mawili ni kweli mpaka leo.

Usimtume mama. Mama atalainisha maneno, baba atasikia nusu, na utabaki na deni lilelile. Piga mwenyewe, jioni akiwa ametoka shambani na kula. Mweleze hesabu ya magunia, ile ya 40,000 na 70,000, ataifuata mpaka mwisho na huenda akakusahihisha. Mwambie ulikosea hesabu, GPA ya muhula wa kwanza ilikuwa 3.6, ya mwaka mzima ni 3.4 kwa 5, Hisabati ulirudia ukafaulu. Usiache ya sapu ukidhani utaisema siku nyingine. Mtu akishaanza kusema ukweli amalize. Mwambie na lengo lako, kwamba unatafuta 3.5 kwa hakika na 3.8 kwa nguvu zako zote, na kwamba likizo ijayo unakuja nyumbani hata kama ni kuchimba viazi. Kama atanyamaza, mwache anyamaze. Usijaze ukimya wake kwa ahadi za daraja la kwanza.

Na mpigie kabla ya Jumapili, maana Jumapili wazee wa usharika watamuuliza tena habari zako, na anastahili kuwajibu akiwa anajua.

Shangazi yako